Diski tano, kiti kimoja

Mimi shida yangu ilianza na kiti. Nina kiti kimoja pale sebuleni, nikishakikalia, kuinuka ni jambo la kupangiwa ratiba. Sasa umekaa, miguu umenyoosha, muziki unakubembeleza, mara kimya. CD imeisha. Hata ijazwe namna gani, ni dakika 74, hizi nyingine 80, basi. Wazee wa santuri wananicheka, maana wao walikuwa wanainuka kila baada ya dakika 20 hivi kugeuza upande, na hakuna aliyelalamika. Sawa. Walikuwa na magoti.

Nikaamua ninunue chenja, ile deki inayomeza CD kadhaa kwa mkupuo na kujibadilishia yenyewe. Nikamweleza mke wangu. Akanitazama. "Baba Neema, hizo tano utazisikiliza saa ngapi, na hii moja tu unaikoromea?" Sikumjibu. Kuna maswali yanaulizwa kwa nia mbaya.

Nilidhani kununua chenja ni kwenda, kunyoosha kidole, kubeba. Kumbe kuna madhehebu! Kuna watu wa kabati, watu wa kasha na watu wa sinia, na ukiwakuta wanabishana utadhani wanagombea urithi.

Nilianzia kwa wa kabati, kwa tamaa tu. Sony waliwahi kutoa mashine inayobeba CD 400. Mia nne! Zinasimama wima ndani yake, zimejipanga duara, kila moja na tundu lake na namba yake. Mimi CD zangu zote ni 31, na katika hizo 4 ni maganda matupu. Lakini nilishajiona: nabonyeza namba, mashine inazunguka, wimbo unakuja. Mke wangu akauliza hizo namba nani atazikumbuka. Nikasema mimi. "Wewe? Tarehe ya harusi yetu ni ngapi?" Habari ya kabati ikaishia hapo.

Wa kasha ni hawa wa Pioneer na wenzao. Unachukua kijikasha, unachomeka CD 6 kwenye visahani vya plastiki vyembamba kama ukucha, unakisukuma ndani. Kinapendeza, hakichukui nafasi. Ila ukitaka kubadilisha CD moja, muziki unakatika na kasha zima linatoka, kama basi zima kuteremka kwa sababu abiria mmoja amefika kwake. Halafu baadhi ya mashine hizo zinataka diski ilale kifudifudi, maandishi chini. Mimi maisha yangu yote nimefundishwa maandishi juu. Na kasha la kampuni hii haliingii kwenye mashine ya kampuni ile. Likivunjika, utafute mashine nyingine iliyokufa uirithi.

Nikabaki na sinia. Unavuta trei, CD 5 zinalala duara, sinia inazunguka, kila moja inapata zamu yake. Muuzaji akanishika pabaya: "Mzee wangu, hii moja ikiwa inapiga, nyingine nne unazibadilisha bila kukata muziki." Nikafurahi hadi nikasahau kujiuliza kwamba ili nibadilishe hizo nne, lazima niwe nimesimama. Na nikiwa nimesimama, chenja ya nini?

Akataka kuniuzia na waya wa optiki wenye ncha za dhahabu. Nikamwambia kijana, waya huo unapitisha mwanga, mwanga una haja gani na dhahabu? Akacheka, akaurudisha. Hiyo ndiyo hoja pekee niliyoshinda siku ile.

Maana kupima shelfu sikupima. Upana hauna neno, sentimita 43 kama ndugu zake wote wa hi-fi, hivi vyombo vya muziki vya sebuleni. Kasheshe ni kina. Diski moja ni sentimita 12. Sasa zipange tano duara uone sinia inavyotanuka. Shelfu yangu ina kina cha sentimita 30. Mashine imechomoza nje kama droo iliyosahauliwa wazi, na trei ikifunguka inakuja mpaka usawa wa kitambi changu. Nasalimiana nayo.

Na ni mtumba, nisiwafiche. Siku ya kwanza trei ikagoma kutoka. Ndani mna kimkanda cha mpira, na mpira ukizeeka unalegea kama lastiki ya soksi. Mota inazunguka, trei haina habari. Fundi akabadilisha. Nawaambia wanaotaka kununua: trei ifungueni na kuifunga mara kumi mbele ya muuzaji, hata akikasirika. Huyo mtumba mpeni na CD ya kuchoma, ile mtu anayojirekodia kwa kompyuta, muone kama anaisoma. Huyu wangu za dukani anasoma, za kuchoma anachagua kama bibi harusi, na zile za kufutika na kuandikwa upya hataki hata kuziona. Fundi anasema zinarudisha mwanga hafifu, leza ya zamani haizioni. Kwa hiyo na yeye anahitaji miwani.

Juzi shemeji yangu kaja, nikataka kujionyesha. Nikaweka CD tano, nikabonyeza ichanganye yenyewe. Wimbo wa kwanza, safi. Kisha kimya. Grrr, sinia inazunguka. Klak. Sekunde zinapita, tunatazamana. Shemeji akauliza kama umeme umekatika. Klak nyingine, na sauti ya mwanamke ikasema, taratibu kabisa: "Rudia baada yangu: bonjour." Ganda lilikuwa la rumba, ndani Neema kaweka masomo yake ya Kifaransa. Na shemeji, kwa heshima zake, akarudia.

Lakini sijutii. CD 5 za dakika 74 ni saa 6 na dakika 10 bila kuinuka. Leo nimejaza zote, masomo nimeyatoa, nimekaa, miguu nimenyoosha. Kila kitu kiko tayari. Rimoti tu ndiyo iko juu ya mashine.

Mama Neema! Unapita huko?