Mkoba usitoke nyumbani bila jina

Mwaka jana nilipita mbele ya duka moja la Mji Mkongwe nikaukuta mkoba wangu wa kusuka umetundikwa mlangoni. Niliutambua kabla sijaushika. Ile nyekundu yake niliikoleza kupita kiasi, na pindo nililishona mara mbili kwa shazia, ile sindano kubwa, mpaka vidole vikauma. Kikaratasi chenye jina langu na nambari ya simu, nilichokifunga kwa uzi kwenye mpini, kilikuwa kimekatwa.

Bei ilikuwa mara tatu ya niliyouzia. Hilo silinung'unikii, mwenye duka ana kodi na umeme wa kulipa. Kilichoniuma ni jina. Mteja atakayeununua pale akiupenda na kutaka wa pili, hana njia ya kunifikia mimi huku Wete, Pemba. Nimeusuka mimi, lakini tangazo limekuwa la mtu mwengine.

Siku hizi nakata kitambaa cha marekani upana wa vidole viwili, natarizi jina na nambari kwa uzi mweusi, kisha nakibana ncha yake baina ya ukili, ule utepe uliosukwa, na bitana ndipo nashona. Anayetaka kukitoa aufumue mkoba mzima. Yadi moja inanitosha mikoba mingi sana, na sijaona tangazo rahisi kuliko hilo.

Nalisema hili kwa sababu kila tukikaa wajasiriamali tunaambiwa kutangaza biashara kunataka mtaji: lipia matangazo mtandaoni, chapisha bango, kodi meza kwenye maonesho. Nimewahi kulipia tangazo la mtandaoni. Walioipenda picha walikuwa wengi, aliyenunua hakuwepo hata mmoja. Fedha ile ingeninunulia miyaa, majani ya kusukia, ya mwezi mzima.

Waangalieni washona kofia. Kofia ya mkono huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na sijaona bango la mshona kofia popote Unguja wala Pemba. Mtu akiivaa sala ya Idi, jirani yake wa safu humuuliza akishatoa salamu: "Nani kakushonea hii?" Hutajwa jina, hutajwa mtaa, na siku ya pili mtu yuko mlangoni. Jina linatembea mdomoni. Mkoba wetu una tabu moja: hununuliwa na mgeni, ukapanda meli au ndege, na huko uendako hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana lazima ulibebe jina wenyewe.

Kwa wanunuzi wa hapa hapa, njia ni kuazimisha. Msimu wa harusi nampa jirani kawa zangu nne mpya za kufunikia vyakula, za rangi, bila ya kumtoza hata shilingi. Wageni wanakula, wanafunua, wanafunika, na kila mmoja ameshaiona. Kabla ya Ramadhani nafanya hivyo hivyo kwa nyumba mbili tatu zinazofutarisha watu wengi. Kawa moja hurudi na doa la mchuzi, basi hiyo naiweka nyumbani nitumie mwenyewe. Oda nyingi za kawa nilizopata zimetoka kwenye shughuli za watu.

Simu nayo ina kazi yake, ila si ile ya kutuma picha ya mkoba na bei mara tano kwa siku kwenye kila kundi. Watu huchoka, wakazima sauti. Mimi naweka hali (status) ya WhatsApp mara moja tu kwa siku, na mara nyingi si picha ya mkoba uliokwisha. Naweka miyaa imeanikwa uani ikigeuka nyeupe. Kesho yake chane, miyaa iliyokwisha kuchanwa. Kisha sufuria la rangi linachemka, kisha utepe wa ukili unarefuka mapajani mwa mama mdogo. Video fupi ya mikono yake akisuka, hata uso hauonekani, iliniletea maulizo mengi kuliko picha yoyote ya mzigo uliokamilika. Na aliyeiona kazi tangu miyaa mpaka pindo haniulizi tena mbona ghali. Zamani nilikuwa nikipunguza bei kila nikiulizwa hivyo, na kila nikipunguza najiona naidharau mikono ya mama mdogo.

Picha ipigeni asubuhi, kivulini, nje ya nyumba. Jua la mchana na taa ya simu huua rangi, na mteja akipokea nyekundu ambayo siyo aliyoiona, humpati tena.

Jengine ni wakati. Wageni hujaa kuanzia Juni mpaka Oktoba, halafu tena Disemba mpaka Februari, mwezi ambao tamasha la muziki la Sauti za Busara hujaza watu Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Masika ni kimya. Wengi wetu tunasuka msimu ukishafika, tukawa na haraka na kazi mbovu. Masika ndiyo ya kusuka na kuzipitia nyumba za wageni na mkoba mmoja wa mfano. Usiwaombe wakununulie, waombe wautundike mapokezi, na jina lako ndani.

Na msilisahau hili: Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na Bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019. Watu wanahitaji kitu cha kwendea sokoni. Tumezoea kumfikiria mtalii tu, na huku mama wa Chake Chake anayebeba samaki na mboga kila siku hatumtengenezei kikapu anachokimudu. Mimi nimeanza vikapu vya ukili usiotiwa rangi, bila bitana, bei ndogo. Navyo vina kitambaa cha jina, maana kikapu kinachokwenda sokoni kila asubuhi kinaonwa na watu wengi kuliko mkoba uliolala kabatini ng'ambo.

Mwezi uliopita nilipokea picha kutoka kwa dada mmoja wa Tanga ambaye sijawahi kumuona. Mkoba wangu, umefunguliwa, kitambaa cha marekani kinaonekana wazi. Alizawadiwa na shemeji yake aliyeununua Mji Mkongwe. Anataka miwili mikubwa zaidi, na akauliza kama pindo linaweza kuwa la kijani. Nilimjibu linaweza, dada yangu, na jioni ile ile nikabandika sufuria la rangi.