Chini ya mmoja kwa mia, kwa hiyo tulale?

Juzi kwenye mkutano wa afya hapa Malindi, bwana mmoja mwenye tai alisimama kututuliza: homa ya ini aina ya C si tatizo Kenya, haifiki hata mtu mmoja kwa mia. Makofi. Soda zikagawiwa.

Kwa nchi nzima, hesabu yake sina ugomvi nayo. Ugomvi ni kuja kutusomea sisi. Changanya mvua ya Kakamega na ya Lodwar, utapata wastani mzuri tu, na wa Lodwar abaki na kiu yake. Virusi hivi husafiri kwa damu, na hapa kwetu damu inapita kwenye sindano moja inayozunguka vijana watatu nyuma ya gofu la nyumba. Utafiti uliofanywa kwa wanaojidunga unga, yaani heroini, Nairobi na huku pwani, uliwakuta na kingamwili za virusi hivi zaidi ya mmoja kati ya kumi. Hao ndio watoto wetu wa Maweni, wa Shela, wa Kisumu Ndogo. Kila ukoo una wake, ila tukiulizwa twasema yuko Mombasa, kapata kazi.

Haya, nikubali shingo upande: kingamwili ni ushahidi kwamba virusi viliwahi kuingia, si kwamba vingalimo. Wapo ambao miili yao huvitoa bila dawa, robo yao hivi au zaidi. Kwa hiyo wagonjwa ni wachache kuliko namba ile. Waliobaki, ini linaliwa kimya miaka ishirini, thelathini, na kwa baadhi mpaka tumbo lijae maji na majirani waanze kunong'ona kwamba karogwa.

Misri walikuwa na aibu kubwa kuliko yetu. Kampeni ya serikali yenyewe ya kudunga watu dawa ya kichocho, tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, kwa sindano zilizorudiwa, ndiyo iliyovisambaza virusi hivi mpaka nchi ikawa miongoni mwa zilizoathirika zaidi duniani. Hawakujificha nyuma ya wastani. Kuanzia Oktoba 2018 walipima karibu watu milioni 50 kwa miezi saba, na waliokutwa navyo wakatibiwa. Dawa iliyoingia soko la Marekani kwa dola 84,000 kwa mgonjwa mmoja, wao waliipigania bei hadi 900. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likawatunuku daraja la dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huu.

Sisemi tupime kila mtu wa pwani kuanzia Kiunga hadi Vanga. Pesa hakuna, na malaria haijatuacha.

Lakini wanaojidunga hatuhitaji hata kuwatafuta wote. Methadone, dawa ya kunywa inayotuliza arosto ya heroini, inatolewa hapa Malindi tangu 2015, na wanaoitumia hufika wenyewe kila siku, jua au mvua, wanywe mbele ya muuguzi anayewajua kwa majina. Tiba ya homa ya ini C ni vidonge tu, kwa kawaida wiki 12, na hupona zaidi ya 95 kati ya 100. Kikombe cha methadone hiki, kidonge cha ini hiki, dirisha moja. Daktari mmoja akanijibu kwamba mateja hawawezi kufuata dawa. Nikamuuliza kama yeye aliwahi kumaliza antibiotiki ya siku tano.