Kushika brashi ukubwani si kuzeeka vibaya

Nimetoka darasani na rangi ya buluu mpaka kwenye nywele, na furaha niliyonayo siwezi kuifungia ndani. Darasa ni la kuchora, liko kwenye ukumbi wa kanisa hapa Leeds, Uingereza, na wanafunzi wote tuna mvi. Jirani yangu mezani ana miaka 79, fundi bomba mstaafu, ndiyo kwanza anajifunza kuchanganya rangi. Leo mti umemshinda, akaufuta, akaanza upya mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka, wala aliyemuuliza atauuza bei gani.

Nikatuma picha ya mchoro wangu kwenye grupu la ukoo. Majibu mnayajua. "Shangazi, umekosa kazi?" "Mama mzima kama mtoto wa chekechea!" Mwingine akafunga mjadala: unazeeka vibaya.

Nyumbani mtu mzima ana ruhusa ya kusuluhisha ndoa za watu, kuongoza kikao cha harusi, kukaa mbele msibani. Ruhusa asiyo nayo ni ya kuanza jambo asilolijua. Akigusa 50 inatakiwa awe ameshamaliza kujifunza. Kazi yake iliyobaki ni kufundisha, hata yale asiyoyajua.

Nawasikia: "Uingereza imempanda kichwani." Hapana. Nimewaogesha na kuwalisha wazee wa huku miaka mingi, wengine Krismasi inapita hakuna hata simu. Darasa letu limezaliwa na upweke huohuo: zahanati za hapa zina mtu ambaye kazi yake ni kumuunganisha mgonjwa na kikundi cha bustani, cha kuimba au cha kuchora. Mama yangu Tanga hajui kula peke yake ni nini, na hilo silibadilishi na darasa lolote duniani.

Ila msiniambie kuchora ni mambo ya walioshiba. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, ana miaka 36, mhangaikaji wa Dar es Salaam kama wengine, kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi. Rosemary Karuga wa Kenya alisoma sanaa Makerere miaka ya 1950, akafundisha shule, akalea, na alikuwa anakaribia 60 aliporudi kwenye sanaa. Pesa ya rangi hana, akakata pakiti za unga na za sabuni, akabandika kipande juu ya kipande mpaka zikawa kuku, ng'ombe na watu. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York. Hapo aliyeshiba ni nani?

Siku hizi napeleka brashi kwenye nyumba ya wazee. Wenye baridi yabisi vidole havikunji, kwa hiyo navingirisha sponji kwenye mpini, nafunga na plasta mpaka unenepe kama gunzi. Bibi ambaye kijiko kinamshinda anavuta mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, kisha anagonga meza: lete karatasi nyingine.

Likizo iliyopita nikafanya hivyohivyo Tanga, kwa kinamama wanaouguza waume waliopooza. Sijafungua hata kopo la rangi, nikaulizwa: "Posho ipo?" Ilinikera, na inanikera mpaka leo. Tumezoeshwa semina, ukikalia kiti cha plastiki unasubiri bahasha. Baadhi yao waliondoka. Waliobaki nilishindwa kuwatoa hadi adhana ya magharibi! Mmoja ni mpambaji wa maharusi, maisha yake yote ni hina na piko. Alishusha ua moja kwenye karatasi ya manila bila kuchora kwanza kwa penseli, jani linazaa jani, mkono hautetemeki. Huku Leeds walimu wetu wangevuta kiti wamtazame. Akasema tangu mumewe aanguke hajawahi kukaa saa nzima bila kufikiria hospitali.

Mama huyo ana miaka 66. Anayetaka kusema anazeeka vibaya aje aseme nikiwepo. Desemba narudi na brashi, rangi na sponji. Natafuta ukumbi wenye mwanga, karibu na kituo cha daladala, ili mwenye mgonjwa ndani aweze kuwahi kurudi. Chai nitapika mwenyewe. Nauli sitoi.