Bei Mmeipigania, Tarehe Mkamwachia Dalali

Watu wanavutana kwenye bei ya nyumba wiki nzima, hadi mapazia yanaingia kwenye hesabu, halafu tarehe ya kukamilisha mauzo wanamwachia dalali. "Tuweke siku 30, ndivyo inavyokuwaga." Kwa nani? Dalali anahesabu kamisheni yake, hahesabu siku za benki yako.

Siku 30 zinaweza kumtosha anayelipa taslimu, tena hati ikiwa safi. Anayekopa ana foleni: mthamini akague nyumba, ripoti irudi benki, mkopo uidhinishwe, nyaraka za rehani ziandaliwe na kusainiwa, ndipo fedha zitoke. Kila hatua inaisubiri iliyotangulia, kwa hiyo mthamini akichelewa wiki moja, wote wa nyuma yake wamechelewa. Na kama nyumba yenyewe bado iko rehani kwa benki ya muuzaji, kuna barua ya salio la deni, malipo, kisha hati ya kufuta rehani. Huko huna wa kumsukuma.

Ndiyo maana tarehe tupu ya kalenda ni mtego. Siku zihesabiwe kuanzia muuzaji anapokabidhi nyaraka zote, zikitajwa moja moja mkatabani. Ukisaini "siku 60 tangu leo" naye akakalia hati wiki tatu, wiki hizo zimeliwa kwako, na amana, yaani fedha uliyotanguliza, iliyo hatarini ni yako. Semeni kama ni siku za kazi au za kalenda. 30 za kazi ni wiki sita, si mwezi. Kisha dai kifungu cha kuongeza muda, tuseme siku 14, kwa notisi ya maandishi kabla muda haujaisha, endapo kikwazo ni benki au ofisi ya usajili. Bila hicho utabaki kuomba huruma kwa muuzaji ambaye huenda keshapata mteja wa bei nzuri zaidi. Haya, kaombe. Na nyongeza isivuke tarehe ya kuisha kwa ofa ya mkopo wako, maana ofa nayo hufa.

Muuzaji naye ana haraka zake, sawa, nakubali. Muulize mapema anahamia wapi na lini, maana jibu lake linaweza kukupunguzia bei. Akitaka kubaki wiki mbili baada ya kulipwa, mpe, ila kwa kodi ya kila siku iliyoandikwa na sehemu ya fedha ikae kwa wakili mpaka atoke. Ahadi ya mdomo haimtoi mtu ndani.

Tarehe ya malipo isiangukie siku ya mwisho ya kazi katika wiki. Uhamisho wa fedha ukikwama alasiri, funguo hazitoki hadi benki zifungue tena, na mizigo yako iko juu ya lori. Na hapo unapoishi kwa kupanga? Usimpe mwenye nyumba wako notisi ya kuhama kabla benki haijathibitisha siku ya kutoa fedha.