Yaya ni msimamizi, si mwenye pesa

Hapa Lubumbashi msimamizi wa mirathi hujulikana hata kabla ya mazishi: ni mtoto mkubwa, ambaye wadogo zake humwita yaya. Sheria iko upande wake. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema marehemu asipoacha wosia, mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, au yule warithi waliyemchagua, ndiye atakayeshughulikia mali. Sina neno na hilo. Neno langu ni kwa yaya anayedhani kila pesa ya marehemu lazima ipite mkononi mwake.

Katika kilio kimoja mtaani Katuba, marehemu alikuwa amefia Marekani. Aliacha akaunti ya akiba ambayo fomu yake ilitaja jina la binti yake anayeishi hapa. Msimamizi, safari hii mdogo wa marehemu aliyeko hukohuko Marekani, akatuma sauti kwa WhatsApp: "Hiyo pesa iingie kwanza kwa mirathi, tutagawana wote." Wazee chini ya turubai wakatikisa vichwa kukubali. Binti mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, anaosha sahani. Hakuna aliyemwita.

Walikosea. Kwa kawaida, Marekani akaunti yenye mrithi aliyetajwa haiingii kabisa katika mirathi. Benki humlipa aliyetajwa, akileta cheti cha kifo na kitambulisho, hata kama wosia unasema vingine. Msimamizi hupata la kusema pale aliyetajwa alipotangulia kufa na hakuna wa pili, au, katika majimbo mengi, madeni yakizidi mali iliyobaki.

Fomu ina nguvu kiasi gani? Mfanyakazi mmoja wa DuPont, kampuni ya Marekani, aliachana na mkewe 1994, na katika hati ya talaka mke akakubali kuacha haki yake kwenye akiba ya uzeeni ya mume. Mume hakubadilisha fomu. Alipofariki 2001, binti yake, aliyekuwa msimamizi wa mirathi, aliidai ile akiba, kama dola 400,000. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote wakiwa na kauli moja, ilisema mpango ule wa akiba ulifanya sawa kumlipa mtalaka. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye fomu.

Lakini usiende na hoja hiyo kwenye benki ya hapa mjini. Kwetu, jina la pili kwenye akaunti mara nyingi ni la procuration, ruhusa ya kutoa pesa kwa niaba ya mwenyewe, nayo hufa pamoja naye. Mjane anayeendelea kutoa pesa kwa karatasi hiyo anajitafutia kesi. Pesa ile ni mirathi: robo tatu ni za watoto, na robo inayobaki inawahusu mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Bima ya maisha ni jambo jingine, hiyo hulipwa kwa aliyeandikwa. Kwa hiyo mtu akisema kilioni "jina la mtoto liko benki", aulizwe: benki ya wapi, na kwenye karatasi gani?

Wazee wana hoja moja nzito, na naiheshimu: marehemu alisomeshwa na mjomba, nauli yake ya kwanza ukoo mzima ulichanga. Je, mtoto mmoja ale peke yake? Sidhani. Ila deni la namna hiyo hulipwa na mwenye pesa, pesa ikiwa tayari mkononi mwake, kwa kiasi atakachoona yeye. Msimamizi anayeidai mapema kwa jina la usawa anataka kugawa kisicho chake, na wengi wa namna hii nimeona huanza na gharama zao wenyewe.

Binti wa Katuba asitie sahihi karatasi yoyote ya baba yake mdogo. Aandikie ile benki yeye mwenyewe, aombe fomu ya madai. Sahihi ya msimamizi haihitajiki hapo.