Kidani cha Senga

Jumamosi iliyopita nilishuka Busia kumsalimia Senga, shangazi yangu, na kabla sijaketi akaniambia nizime simu. Hakukuwa na mgonjwa ndani wala msiba kwa jirani. Ni kwamba Senga siku hizi ana kidani.

Chenyewe ni kijiwe cheusi cha mviringo, kinazidi kidogo kizibo cha soda, kimefungwa kwenye kamba ya ngozi bandia. Kimemgharimu shilingi laki moja na themanini elfu. Aliyemuuzia ni rafiki yake wa kikundi cha akina mama, ambaye aliuziwa na mwingine, ambaye aliuziwa na mwingine. Ngazi hiyo mnaijua, wengine wetu tuliipanda na makovu tunayo. Kazi ya kidani ni kuzuia mionzi: ya simu, ya mnara ulio nyuma ya soko, ya waifai ya binamu yangu, na zaidi ya yote, ya maikrowevu niliyomnunulia mimi mwenyewe Krismasi ya mwaka juzi. Nimeikuta imefunikwa shuka kama maiti, na juu ya shuka pamewekwa chungu cha maua, asije mtu akaiwasha kwa kusahau.

"Mwanangu," akasema kwa huruma, "hujui tu. Hiyo kitu inakula damu."

Nilinyamaza. Senga ndiye aliyenilea tangu niko darasa la pili, na mtu wa namna hiyo hajibiwi mbele ya wajukuu. Lakini huku ni kwangu, kwa hiyo nitasema, na ninaosema nao ni wale waliompandisha ngazi.

Nusu ya biashara hii inaendeshwa na neno moja tu. Mionzi. Kiswahili chetu kimetia vitu vingi mno kwenye kapu hilo: jua lina mionzi, eksirei ina mionzi, simu ina mionzi, bomu la Hiroshima nalo lilikuwa na mionzi. Uganda tulizidi kulizoea neno hili mwaka 2016, ilipokufa mashine ya kobalti ya hospitali ya Mulago, iliyokuwa ya pekee nchini kwa tiba ya mionzi, na wagonjwa wa saratani wakabaki wanatazamana. Tangu hapo ukisema mionzi mtu anaona wodi. Muuza vidani hana haja hata ya kudanganya sana. Anasema, "Maikrowevu ina mionzi," anatua, anakuacha umalizie mwenyewe.

Mionzi ya kobalti ile, kila chembe yake ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi na kukata uzi wa DNA. Ndiyo maana inaua saratani, na ndiyo maana inaweza pia kuianzisha. Mawimbi ya maikrowevu yanatetemeka mara bilioni 2.45 kwa sekunde, hesabu ya kutisha ukiiandika kwenye bango, lakini chembe yake moja ina nguvu iliyo pungufu karibu mara milioni ya ile inayotakiwa kung'oa elektroni. Na wingi hapa hausaidii. Fenesi lililoiva juu ya mti unaliangusha kwa jiwe moja lililolengwa vizuri. Mpe mtoto gunia la ulezi arushe punje moja moja tangu asubuhi hadi magharibi, na kesho umwongezee gunia la pili: fenesi liko palepale linawacheka.

Kitu ambacho mawimbi haya yanaweza kufanya ni kupasha joto. Yanatikisa molekuli za maji, maji yanapata moto, chakula kinaiva. Na sitajifanya kwamba joto si kitu. Mtu akisimama mbele ya antena kubwa ya rada inayofanya kazi ataumia, na jicho ndilo litakalotangulia, kwa sababu lenzi yake haina mishipa ya damu ya kuondoa joto. Ndiyo maana mawimbi yamefungiwa ndani ya sanduku la chuma. Jiko lenyewe lilizaliwa kwa bahati ya namna hiyo: mwaka 1945 fundi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, Percy Spencer, alikuwa karibu na mtambo wa rada, chokoleti ikayeyuka mfukoni mwake, akaanza kufikiria chakula. Alifariki mwaka 1970 akiwa na miaka 76. Mtu mmoja si utafiti, najua, lakini hata yeye damu yake haikuliwa.

Sasa tazama ule wavu mweusi ulio kwenye kioo cha mlango. Tundu zake ni kama milimita moja hivi. Wimbi la maikrowevu lina urefu wa sentimita 12. Kulipitisha hapo ni kutaka kumpitisha ng'ombe kwenye tundu la chandarua. Kinachovuja huvuja pembeni mwa mlango, na sheria ya Marekani inataka kisizidi miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye jiko hilo, tena kwa maisha yote ya jiko. Ukirudi nyuma hatua mbili, kinapungua mpaka hakina maana. Jua la saa sita linakumwagia kama miliwati 100 kwa sentimita hiyo hiyo, mara ishirini ya kiwango hicho, na ndani yake mna mionzi ya urujuanimno ambayo kweli inaharibu DNA. Senga huuza nyanya juani tangu saa tatu asubuhi. Sijaona kidani cha jua. Subirini, kinakuja.

Tuje kwenye kidani chenyewe, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka bila msaada wa maikrowevu.

Simu inafanya kazi kwa mawimbi. Yanaingia, yanatoka, ndiyo mazungumzo. Kama kingekuwepo kitu kinachozuia mawimbi hayo kweli, ukikivaa simu ingekufa mkononi. Senga anavaa kidani na anapokea simu kutoka Juba bila kukwaruza. Basi kidani kimezuia nini? Ukiwauliza wanakwambia "hakizuii, kinasawazisha." Kinasawazisha nini na nini? Wanakwambia uhudhurie semina. Semina ni shilingi elfu ishirini, na soda yako mwenyewe.

Kuna wengine wana stika za kubandika nyuma ya simu. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaonya watu wake zamani kwamba hakuna ushahidi kuwa vitu hivyo vinapunguza chochote, na kwamba vikifaulu kuziba sehemu ya antena vinaweza kuongeza kile unachokikimbia, kwa sababu simu isiyosikika vizuri hupaza sauti, yaani huongeza nguvu ya mawimbi yake. Umelipa ili simu yako ikupigie kelele zaidi.

Lakini kisa kilichonikosesha usingizi ni cha Uholanzi. Desemba 2021, mamlaka ya usalama wa nyuklia ya nchi hiyo ilipima bidhaa za kujikinga na mawimbi, vidani vikiwemo, bangili, hata kinyago cha kulalia. Kumi kati yake zilikuwa zinatoa mionzi ile ya kweli, ya kung'oa elektroni. Watu walionywa waache kuzivaa na wazifungie mahali salama, kwa sababu ukikaa nayo shingoni usiku na mchana mwaka mzima ngozi inaweza kudhurika. Msome tena polepole. Mtu aliogopa simu isiyo na uwezo wa kung'oa elektroni hata moja, akanunua kitu kinachozing'oa, akakilaza juu ya moyo wake.

Sisemi cha Senga ni cha aina hiyo. Sina kifaa cha kupimia. Ila Uganda tuna Baraza la Nishati ya Atomiki, lipo kwa sheria ya mwaka 2008, na kazi yake ni mionzi ya namna hiyo hasa. Ningependa siku moja watu wake wapite kwenye semina moja tu na kipimo chao mfukoni. Hata soda nitawanunulia.

Mnara wa nyuma ya soko nao umeundiwa kamati. Wazee wanataka uhamishwe mbali na makazi. Haya, uhamisheni. Halafu kila simu ya Busia italazimika kupiga kelele zaidi ili isikike huko mbali, na kinachopiga kelele hiyo kiko sikioni mwako, hakiko kilimani.

Najua mtaniletea 2011. Ni kweli: mwaka huo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani. Nakubali, shingo upande. Na panya pia nakubali: mwaka 2018 Wamarekani walitangaza uvimbe mioyoni mwa panya dume waliomiminiwa mawimbi mwili mzima saa tisa kwa siku (panya hao hao, kwa taarifa yenu, waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiomiminiwa). Lakini kundi hilo la 2B lina wakazi wengi. Mboga za achari za Asia zimo. Maji yanayokamuliwa kwenye jani zima la mshubiri (aloe vera) nayo yamo. Na mnadhani rafiki yake Senga anauza nini kingine, chupa kwa chupa, kwenye mkoba ule ule wa vidani? Juisi ya mshubiri. Mwaka 2024 ukaja uchambuzi ulioagizwa na WHO wenyewe, tafiti 63 zimewekwa meza moja, na uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo haukuonekana. Hilo semina haijalisikia bado.

Mvua ilinyesha siku ile. Senga akaingiza sigiri ya mkaa ndani, kwenye kijijiko kisicho na dirisha, akaweka maharage. Yalichemka kwa muda wa saa tatu. Juu ya sigiri ya pili akapika matooke, na kwa kuwa majani ya mgomba yalikuwa yameloa, akafunika kwa kaveera, mfuko wa plastiki. Mjukuu wa miezi minane alikuwa mgongoni mwake muda wote. Macho yetu yote yalikuwa mekundu.

"Senga, hicho kikohozi ni cha tangu lini?"

"Ni vumbi la soko."

Moshi wa kuni ndani ya nyumba, shirika lile lile la saratani limeuweka 2A, ngazi moja juu ya simu. Mkaa hauna moshi mwingi, lakini una kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na kila mwaka tunazika watu waliolala nayo chumbani. WHO inakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Plastiki inayotokota juu ya matooke yangu sitaizungumzia, nilikuwa na njaa, nilikula. Na mita moja kutoka hapo, chini ya shuka na chungu cha maua, palikuwa na jiko ambalo lingepasha maharage ya jana kwa dakika nne bila kumkohoza mtoto.

Sawa, lina masharti yake. Kama mlango umelegea au umepinda, na hasa kama ni la mtumba, peleka kwa fundi au liache. Usiweke kaveera wala kopo jembamba la plastiki. Maziwa ya mtoto koroga, onja kwanza, maana upande mmoja huwa barafu na mwingine moto. Yai zima usithubutu. Na umeme, ndiyo, tukiupata, na tukiumudu. Hilo ni kosa la watu wengine kabisa na nitawafikia siku nyingine.

Jioni nikamweleza Senga yote haya, polepole, bila ukali, pamoja na fenesi na ulezi. Alisikiliza. Akauliza kama ulezi ule ungekuwa umepikwa. Kisha simu yake ikaita: rafiki wa kikundi. Senga akaibana sikioni, kidani kimelala kifuani, wakazungumza dakika arobaini kwa saa ya ukutani.

Alipokata, sikio lilikuwa jekundu.

"Anasema wewe ni mtoto wa mjini na una watu," akaniambia. "Ukileta wawili, chako atakupa kwa laki moja na nusu."