Simujanja kwa mteja wa siri: inafaa wapi, inaharibu wapi

Tangazo la kutafuta wateja wa siri siku hizi huja na sharti lililozoeleka: mwombaji awe na simujanja yenye kamera nzuri na intaneti. Mteja wa siri ni mtu anayetumwa dukani, benki, kituo cha mafuta au kwa wakala wa pesa za simu, akajifanya mteja wa kawaida, kisha akaandika jinsi alivyohudumiwa: alisubiri dakika ngapi, alisalimiwa au la, alitozwa kiasi gani, alipewa risiti au aliombwa asubiri hadi akachoka. Mara nyingi anayelipia kazi hiyo ni mwenye biashara mwenyewe. Watafiti wa afya nao wameitumia njia hiyo Tanzania, kupima huduma za maduka ya dawa muhimu.

Msimamo wa uchambuzi huu ni kwamba simujanja ni chombo cha kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Ukiwa ndani, mara nyingi inakuibia macho na masikio, navyo ndivyo ulivyoajiriwa kwa ajili yake. Kuifanya sharti kwa kila kazi bila kujali ni kazi ya aina gani kunapotosha matokeo yenyewe.

Tuanze na pale isiposhindika, yaani risiti. Risiti za EFD (mashine za kielektroniki za kodi) za Tanzania na zile za mashine za kodi za Kenya huchapwa kwenye karatasi isiyotumia wino; joto ndilo linaloandika. Ukiiacha kwenye dashibodi juani inageuka nyeusi, na ukiikunja ndani ya kava la plastiki la simu maandishi yanafifia. Mteja wa siri anayesubiri kurudi nyumbani ndipo apige picha anaweza kukuta jumla inasomeka na saa haisomeki. Picha ipigwe ndani ya dakika 10 baada ya kutoka, mbali na mlango. Ilaze risiti juu ya kitu cheusi, kivulini penye mwanga wa mchana, bila flashi, kwa kuwa karatasi hiyo inang'aa na flashi huacha doa jeupe palepale penye namba. Pembe zote nne zionekane. Risiti ndefu ipigwe vipande viwili, na kipande cha pili kirudie mistari 3 au 4 ya mwisho ya kipande cha kwanza, ili mhakiki aone hakuna kilichorukwa. Kisha ikuze picha usome namba ya risiti na muda. Ikikushinda kusoma wewe uliyeshika karatasi mkononi, mhakiki aliye ofisini hana namna.

Namna ya kutuma nayo ina mtego. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha, hubanwa, na taarifa zilizofichwa ndani yake, yaani saa iliyopigwa na mahali ilipopigwa, huondolewa. Itume kama faili, au ipakie moja kwa moja kwenye programu ya kampuni. Ripoti inaweza kukataliwa kwa sababu hii, na mtumaji akabaki akiamini ameonewa.

Faida nyingine ni saa. Hapa kuna kosa ambalo waandaaji wa dodoso kutoka nje huwa hawalitegemei: mtu anaandika "saa 4" akimaanisha saa nne asubuhi, na kompyuta inapokea 4:00, alfajiri ambapo duka limefungwa. Simu iliyowekwa muda wa saa 24 na kuachwa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao huondoa utata huo, mradi mtu anakili 10:07 kama ilivyo bila kuitafsiri kichwani. Programu inayojiandikia muda yenyewe ni bora zaidi.

Hoja yenye uzito kuliko zote upande wa waajiri ni ripoti za kupika. Wapo wanaojaza dodoso wakiwa kitandani, na zamani za karatasi ilikuwa vigumu kuwanasa. Simu inayorekodi mahali na kukubali picha zilizopigwa papo hapo tu, si za kuchagua kwenye hifadhi, inapunguza udanganyifu huo. Ni kweli, na hatulipuuzi. Lakini mahali panaporekodiwa pasichukuliwe kuwa neno la mwisho. Chini ya anga wazi, simujanja ya kawaida hukosea kama mita 5. Ukiingia ndani ya jengo, au ukiwa katikati ya maghorofa yaliyobanana, kosa hilo huongezeka mara kadhaa. Mtaani Kariakoo, ambako mlango wa duka moja na wa jirani yake hutengana hatua 3, simu inaweza kukuonyesha uko duka la tatu, au ng'ambo ya barabara. Dawa yake ni kurekodi mahali ukiwa nje, usimame kama dakika moja hadi alama itulie, na upige picha ya kibao cha duka kama ushahidi wa pili. Tena, kwenye simu za Android zipo programu za kughushi mahali. Mwongo aliyedhamiria ataipita kinga hiyo, na mkweli aliye ndani ya jengo la zege ndiye atakayekataliwa.

Sasa ndani. Fikiria mteja wa siri yuko mbele ya keshia, simu ipo juu ya kaunta, kioo kikiangalia juu. Mratibu anatuma ujumbe: "Umeshamaliza ziara ya tawi?" Kioo kinawaka, maneno yote yanasomeka, na keshia ana macho. Ziara imekwisha hapo hapo, na huenda ya kesho katika matawi mengine nayo imekwisha, maana wafanyakazi wana makundi yao ya WhatsApp na maelezo ya mavazi yako yatafika kabla yako. Kinga ni rahisi: zuia ujumbe usionekane kioo kikiwa kimefungwa, na namba ya mratibu ihifadhi kwenye simu kwa jina la kawaida tu. Kuzima sauti pekee hakutoshi. Haya yafanywe nyumbani, si mlangoni.

Ipo hasara isiyoonekana kirahisi hivyo. Anayejaza dodoso akiwa kwenye foleni hasikii. Dodoso linauliza kama mhudumu alimtazama mteja usoni, kama alitaja jina lake, kama alieleza ada kabla ya kukata. Mambo haya hudumu sekunde 2 au 3. Aliyeinamia kioo huandika "hapana" pale ambapo jibu sahihi ni "sikuona", na mhudumu aliyefanya kazi yake vizuri anapoteza alama, pengine na posho. Hili linatuuma kuliko picha iliyofifia, kwa sababu anayeumia hayumo kwenye mazungumzo.

Kuna sehemu simu haitakiwi kabisa. Vituo vya mafuta vina vibao vinavyokataza kutumia simu karibu na pampu. Mteja wa siri anayetoa simu kupiga picha ya pampu anavunja kanuni ya usalama na kujitangaza kwa wakati mmoja. Pale kinachotakiwa ni jicho: je, pampu ilianza kwenye sifuri, mhudumu alikuonyesha, lita zilizosomeka zinalingana na risiti? Saa ya mkononi inatosha kupima muda. Kumbi za benki nyingi nazo hukataza kupiga picha.

Kurekodi sauti kwa siri kunapendwa na wanaoanza, kwa kuwa wanadhani kutawaondolea kazi ya kukumbuka. Sauti na sura ya mhudumu ni taarifa zake binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Usirekodi mpaka kampuni iliyokutuma ikupe maelekezo ya maandishi yanayosema inaruhusiwa kisheria na ni nani atakayeitunza sauti hiyo. Maelekezo ya mdomo ya mratibu hayakulindi.

Mfano unaoonyesha vizuri kuliko yote kwa nini sharti la simujanja lina kasoro ni wakala wa pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na hadi leo watu wengi huitumia kwa kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe. Mwenye kitochi anabonyeza *150*00# Tanzania au *334# Kenya, anafuata menyu, na akichelewa menyu inajifunga. Mzee au mama asiyeona vizuri akishindwa mara mbili, anampa wakala simu ambonyezee. Hapo ndipo penye maswali ya maana: je, wakala aliipokea simu? Aliomba namba ya siri? Aliomba pesa ya mkononi juu ya ada? Aligawa muamala mmoja kuwa miwili? Mteja wa siri kijana, mwenye simujanja na programu ya kampuni ya simu, hawezi kuyaona hayo, kwa sababu wakala hana nafasi ya kuyafanya mbele yake. Kampuni ikiwatuma vijana 40 wa aina hiyo, itapata ripoti safi kuhusu huduma wanayopewa vijana wenye simujanja, halafu itaiita huduma kwa wateja wote.

Na kitochi kinatoa ushahidi wa kutosha. Ujumbe wa muamala una namba ya kumbukumbu, tarehe, saa, kiasi, na unapotoa pesa unaonyesha wakala na ada iliyokatwa. Muamala ukigawanywa, jumbe mbili zitakuja. Ni ushahidi mgumu kughushi kuliko picha, kwa sababu kampuni ya simu inao nakala yake. Kile ambacho ujumbe hauonyeshi, yaani pesa iliyoombwa kwa mdomo, simujanja nayo haikionyeshi. Nchini Kenya, kwa mfano, kuweka pesa kwenye M-Pesa ni bure kwa mteja. Wakala akiomba shilingi 20, mfumo hautajua, sikio ndilo linalojua.

Kupima foleni kwa kitochi nako kunawezekana. Unapojiunga na foleni, bipu laini yako ya pili. Unapofika mbele ya mhudumu, bipu tena. Orodha ya simu ulizopiga imeshaweka saa zote mbili. Jina kwenye beji liandike kwenye ujumbe usiotumwa. Mtu anayebonyeza kitochi foleni haangaliwi na yeyote.

Zipo kazi ambazo simujanja ndiyo kazi yenyewe: kuagiza bidhaa kwa programu, kupima jinsi duka linavyojibu WhatsApp, au kukagua rafu kwa ruhusa ya mwenye duka, ambapo picha 30 za bei ni za lazima. Hapo sharti ni halali kabisa. Lakini lihesabiwe gharama. Picha moja ya kamera ya megapikseli 12 ina ukubwa wa MB 3 hadi 5, kwa hiyo picha 30 zinaweza kula MB 90 hadi 150 za bando. Ukipunguza ubora wa kamera hadi megapikseli 2, namba za bei bado zinasomeka na matumizi yanashuka mno. Simu yenye hifadhi ya GB 16 hujaa haraka, na programu ya dodoso hugoma kufungua kamera katikati ya kazi. Futa video za makundi usiku wa kuamkia ziara. Chaji iwe kamili. Kioo na ramani zikiwaka pamoja, betri iliyochoka haitafika mchana.

Simujanja pia ni mlango wa matapeli. Mteja wa siri halipi ada ya kujisajili, hanunui "kifaa cha kazi", wala hapokei pesa za kumtumia mtu mwingine. Huko Marekani, utapeli wa aina hii umezoeleka kwa hundi bandia: mtu anatumiwa hundi, anaambiwa aiweke benki, atume sehemu yake kwa njia ya kutuma pesa kama jaribio la huduma, na hundi inakataliwa siku kadhaa baadaye, deni likiwa limebaki kwake. Kwetu hali ya kawaida ni kuombwa pesa kidogo ya kufungua akaunti. Na angalia ruhusa za programu. Kazi hii inahitaji kamera, mahali na hifadhi. Ikiomba majina ya simu yako na jumbe zako, usiipe.

Kwa mwajiri, njia ya kati ipo na si ghali. Sharti lifuate aina ya ziara: kwa kukagua rafu na huduma za mtandaoni, simujanja; kwa wakala na kituo cha mafuta, simu yoyote pamoja na risiti au ujumbe wa muamala, halafu dodoso lijazwe baadaye hata kwa simu ya kuazima au kwa kumpigia mratibu siku hiyo hiyo. Mkataba utaje malipo ya bando kando na malipo ya ziara, na utaje jambo moja zaidi ambalo sasa huachwa mezani kwa mratibu aamue apendavyo: ziara ambayo mahali palishindwa kurekodiwa ndani ya jengo, lakini risiti ipo, saa yake inalingana na dodoso na kibao cha duka kimepigwa picha, ilipwe yote.